Mgonjwa Wetu Aliyekwenda Dar Kuteleza

Tangu turudi siwezi kununua hata fungu la nyanya kwa amani. Mtu akiniona anaacha mizigo yake, ananishika mkono kwa mikono yake miwili na kuteremsha sauti: "Mama Nashi, mtoto anaendeleaje?"

Anaendelea vizuri. Hajawahi kuendelea vibaya. Lakini kila nikijibu hivyo mnazidi kunionea huruma, mnaambiana "huyu mama ni jasiri," halafu jioni mnaleta sufuria ya mtori. Sasa wenzangu wa kikundi, ninyi mlionipigia simu, mkaniombea, na mmoja wenu (anajijua) akanililia mpaka salio likamwishia, nimeona niwaandikie safari yote tangu mwanzo, hatua kwa hatua. Mkimaliza kusoma mtakasirika. Mtori siurudishi, tumeshaula.

Sokon One, nyumbani, kabla ya kuondoka

Mnamfahamu mume wangu, Baba Nashi. Kazi yake ni kuwapangia watalii safari. Mzungu akitaka kuona simba, Baba Nashi anajua alale wapi, ale nini, apumzike wakati gani, na tumbo likimvuruga akimbizwe wapi. Yeye mwenyewe hajawahi kwenda popote kupumzika. Likizo zake zote tumezimalizia misibani na kwenye kipaimara cha watoto wa watu.

Mwaka huu akaamua kwamba na watoto wake ni wageni. Tutakwenda Dar, kwenye lile bwawa kubwa la michezo lenye mabomba ya kuteleza, watoto wafurahi, turudi. Wageni wenyewe ni wawili. Nashipai ana miaka minne na yuko chekechea. Elia ameanza kutembea juzi juzi, na maneno yake yote ni moja: "Sitaki."

Akakaa mezani jioni baada ya jioni akipanga. Alisoma kila ushauri uliowahi kuandikwa kuhusu kusafiri na watoto wadogo: wasichoke, walale mchana kwa wakati wao, wale chakula walichozoea, wasikutanishwe na watu wengi wapya kwa siku moja. Hilo la mwisho naomba mlikumbuke. Kisha akanisomea ratiba kwa sauti yake ya ofisini. "Siku ya kwanza. Baada ya kifungua kinywa chepesi, wageni wataondoka Sokon One wakifurahia mandhari ya Mlima Meru."

"Wageni wamezaliwa chini ya huo mlima," nikamwambia. "Hawajawahi hata kuugeuzia shingo."

"Ndiyo maana wataufurahia."

Hakuna kumshinda mtu wa utalii.

Lakini niwaambie kilichoninyima raha. Nashipai ana namna yake ya kuwagawa watu wazima: kuna wanaosema kweli, na kuna wanaosema tu. Nesi anayesema sindano haiumi, anasema tu. Shangazi anayesema nitakuja kukuchukua Jumamosi, anasema tu. Na baba yake, kwa bahati mbaya, alikuwa ameshaanguka mara mbili. Treni ya watoto ya kwenye maonyesho tulifika ikiwa imefungwa, na siku ya kwenda kupanda farasi mtalii mmoja alipoteza begi, matembezi yetu yakaishia uwanja wa ndege kulitafuta. Kwa hiyo aliposikia habari ya mabomba, Nashipai alimshika baba yake kidevu ili asiangalie pembeni.

"Baba, unasema kweli au unasema tu?"

"Nasema kweli."

"Utateleza na mimi?"

"Nitateleza na wewe."

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe, mama."

Kesho yake akatangaza chekechea nzima. Nilijua mara hii tukikosea, mtoto hatatuamini tena hata tukimwambia chakula kimeiva.

Kisongo, ambako si njia ya Dar

Dar iko mashariki. Safari yetu ilianza kwa kwenda magharibi. Mtu wa nje atashangaa, ninyi hamtashangaa. Baba Nashi amelelewa na baba yake mkubwa, Mzee Saitoti wa Kisongo, na huwezi kubeba watoto wa ukoo ukaenda nao mbali bila kumuaga. Ratiba ilimpa nusu saa. "Kituo kifupi cha utamaduni," ndivyo ilivyoandikwa.

Ilikuwa ile miezi yetu ya baridi, mlima umejifunika tangu alfajiri, nami nilikuwa nimemvika Nashipai masweta mawili na kofia ya sufi ya kufunika masikio. Ndani ya Noah yetu madirisha yamefungwa kwa ajili ya vumbi. Mtoto alifika Kisongo amechemka.

Tuliposhuka tukakuta watu, wamekaa kwenye viti vya plastiki. Mnavijua viti hivyo, kwetu haviazimwi bila jambo. Nikasema moyoni, hapa kuna jambo. Sikujua kuwa jambo lenyewe ni sisi.

Nashipai akaenda kusalimia kama alivyofundishwa, akavua kofia, akainamisha kichwa. Mzee Saitoti akamwekea kiganja utosini. Kwa kawaida anagusa na kuondoa. Safari hii alikiacha pale pale, akamtazama mke wake, akatikisa kichwa taratibu.

"Ana joto," akasema.

"Shikamoo, baba. Ni kofia hiyo," nikasema.

"Marahaba. Tumesikia."

"Mmesikia nini, baba?"

"Tumesikia," akarudia, kwa upole wa mtu asiyetaka kukuumiza. "Dar."

Baba Nashi akaingilia haraka. "Baba mkubwa, tunakwenda kucheza. Watoto wakacheze kwenye maji, basi, turudi."

Wazee wakatazamana. Mzee Saitoti akanyoosha fimbo yake kuelekea shambani. "Maji yapo hapa. Mfereji ule pale."

"Haya ni maji ya kuteleza, baba mkubwa."

"Mwanangu," akasema Mzee, "mtu mwenye akili zake, mwenye kazi yake, achome mafuta kutoka hapa mpaka Dar, na mtoto wa kubebwa mgongoni, kwenda kucheza?" Akasubiri kama kuna atakayejibu. "Siwalaumu. Mtoto akiumwa mzazi hasemi ovyo. Lakini sisi ni wa nyumbani. Sisi hatufichwi."

Wenzangu, jaribuni ninyi. Jaribuni kumweleza mzee ambaye hajawahi kuondoka nyumbani bila ng'ombe au bila sababu, kwamba kupumzika ni kuendesha gari siku mbili. Kila tulivyoeleza ndivyo tulivyozidi kuonekana waongo. Baba Nashi, ambaye huwashawishi matajiri wa Ulaya kulala kwenye hema, alishindwa kabisa kumshawishi baba yake mkubwa kwamba mtoto wake ni mzima.

Mbuzi alikuwa ameshachinjwa. Supu yake walikuwa wameichemsha na mizizi na magome, nyeusi, chungu, mafuta yanaelea juu, ile supu ambayo mwanamume mzima akiinywa anafumba macho. Nashipai akaletewa kikombe kizima.

"Kunywa kidogo, mama," nikamnong'oneza. "Ni heshima."

Akainywa yote, kwa sababu alitaka tuondoke. Elia alipoletewa yake akasema sitaki, na kwa mara ya kwanza nikaona neno lake lina busara. Lakini akina mama wakaguna: kumbe hata mdogo hana hamu ya kula.

Ile nusu saa iliisha mchana jua likiwa limeshapinda. Tuliondoka na paja la mbuzi, kibuyu cha maziwa mgando, na blanketi zito la sufi ambalo mama mkubwa alinikabidhi kwa machozi ili mtoto asipigwe baridi wodini. Wodini, Dar, ambako watu wanalala na feni.

Mzee Saitoti alitusindikiza mpaka kwenye gari, akashika dirisha.

"Lakini kwa nini si Moshi? Moshi kuna hospitali nzuri, na ni hapa tu."

"Baba mkubwa, hatuendi hospitali."

"Nitawapigia," akasema, akaupiga mlango wa gari mara moja, kama mtu anayeondoa ng'ombe njiani.

Usa River, kituo cha mafuta

Tulikatiza mji mzima kurudi tulikotoka, foleni yote, tukapita karibu kabisa na nyumbani kwetu. Nashipai akauliza kama Dar ndiyo imeisha. Ratiba ilisema huo ni wakati wa wageni kulala. Wageni hawakulala.

Usa River tuliingia kuweka mafuta kabla ya kukunja kushoto kwenda kwa mama yangu, njia ya Momela, maana na yeye lazima aagwe. Pale kituoni alikuwa amesimama Mwinjilisti Elirehema wa kanisa la mama, na akina mama wawili wamevaa sare za umoja wao. Nikadhani wanasubiri usafiri.

"Bwana asifiwe, Mama Nashi. Mama ametuambia mtapita hapa."

"Amina, mwinjilisti. Mama amewaambia nini?"

"Tumesikia," akasema, na akanifinya bega.

Nikaona bora nimalize mambo mapema. "Mwinjilisti, mtoto haumwi. Hebu mwangalie mwenyewe."

Akaingiza kichwa dirishani amwangalie. Nashipai, ambaye siku nzima hakuwa na tatizo lolote duniani, akafungua kinywa amwamkie, ikatoka supu yote ya Kisongo pamoja na mizizi yake, kwenye mkono wa shati la mtumishi wa Mungu.

Hakujifuta. Ndiyo maana nasema ni mtu mwema. Alinitazama tu, akasema, "Pole sana, mama," akaanza kuomba pale pale kwenye pampu. Kijana wa mafuta akavua kofia. Magari nyuma yetu yakapiga honi, yalipoona ni maombi yakanyamaza. Mwinjilisti aliombea barabara, akaombea matairi, akaombea mikono ya madaktari wa Dar mmoja mmoja kama anawafahamu. Alipofika kwenye amina, Nashipai, ambaye sasa tumbo lilikuwa jepesi na amejaa nguvu, akasema kwa sauti, "Mimi nakwenda kuteleza!"

Mmoja wa wale akina mama akajifunika uso na khanga. "Jamani, anaweweseka."

Njia ya Momela

Barabara ya kwenda kwa mama inapita ndani ya hifadhi, na humo Baba Nashi akafufuka. Twiga wawili walikuwa wamesimama katikati ya njia. Akazima gari, akageuka nyuma na uso wake wa kazini. "Wageni wetu, mbele yenu mnaona mnyama mrefu kuliko wote duniani."

Nashipai akamkagua twiga kutoka juu mpaka chini. "Anazunguka?"

"Nani?"

"Huyo."

"Hapana."

"Anateleza?"

"Hapana, mama, ni twiga."

"Basi apite."

Mume wangu aliumia, nilimwona. Twiga hawakupita. Tuliwasubiri wamalize kutafakari, Elia akiwaambia sitaki, sitaki, mpaka wakachoka naye wakaondoka.

Mama yangu, Mama Anaeli, mnamjua wachache. Ni mjane, mfupi, ana shamba la nyanya na vitunguu na ng'ombe mmoja wa maziwa anayemsumbua kuliko watoto wake wote. Kwenye umoja wa akina mama yeye ndiye mkubwa wao. Nilitegemea anipokee kwa kilio, lakini hakulia. Alitupakulia loshoro ya moto, yale mahindi yake ya kuchanganya na maziwa mgando, akampakata Nashipai, na hakugusa hata paji la uso wake.

"Hilo bomba," akamwuliza, "ni refu?"

"Refu sana, bibi. Unaingia juu kabisa, unatokea chini."

"Ndani kuna giza?"

"Kidogo."

"Na maji yanakusukuma yenyewe?"

"Yenyewe."

"Mh," akasema mama, akaendelea kula.

Asubuhi nilipotoka nje uani kumejaa. Majirani, mwinjilisti na shati jingine, wazee wa kanisa. Simu ya mzee mmoja ilikuwa imewekwa juu ya kigoda, sauti imefunguliwa, na kutoka ndani yake Mzee Saitoti alikuwa akiendesha kikao akiwa Kisongo. Alikuwa ameamua. Dar ni mbali kwa mtoto anayetapika. Moshi ni karibu, na jirani mmoja ana mpwa wake anayefanya kazi hospitali huko, atatupokea leo hii. Gari ligeuzwe lielekee Moshi, mambo ya Dar yaishe.

"Tumeelewana?" ikauliza simu.

Baba Nashi alikuwa amesimama katikati ya uwanja na funguo za gari mkononi. Mnajua mlezi ni mlezi. Mtu huyu anagombana na mawakala wa nchi tatu bila kupepesa, lakini sauti ile ilimtoa jandoni, na mbele yake ana miaka kumi. Akaziangalia funguo, akazitia mfukoni.

Nashipai alikuwa mlangoni, amevaa nguo yake ya kuogelea juu ya sweta. Alikuwa ameelewa yote. Hakulia, na hilo ndilo lililoniumiza, kwa sababu mtoto anayelia bado anadai.

"Baba," akasema, "kumbe ulikuwa unasema tu."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilimkasirikia mume wangu, nikamkasirikia mzee wa watu kwenye simu, nikajikasirikia mwenyewe kwa kukubali kuaga.

Ndipo mama akasimama, akakunja khanga yake kiunoni.

"Moshi wameshindwa," akasema.

Mwinjilisti akainua kichwa.

"Walikwenda. Moshi wameshindwa, wakasema ni Dar." Alimwangalia mwinjilisti machoni, mwanamke huyu aliyenichapa nikiwa mdogo kwa kusema nimenawa mikono kumbe sijanawa. "Na mgonjwa haendi bila mtu mzima wa kumuuguza. Huyu mama yake ana mdogo mgongoni. Nitakwenda mimi."

Simu ikakohoa. "Kama Moshi wameshindwa," ikasema polepole, "basi nendeni."

Mkutano ukageuka hapo hapo. Huyu atakamua ng'ombe, yule atamwagilia nyanya, yule atashika funguo. Mimi nikaingia ndani kumsaidia mama kupanga nguo. Begi lake lilikuwa nyuma ya mlango, limeshafungwa zipu.

Barabara ya Dar, hatimaye

Nilisubiri mpaka tukavuka Usa River.

"Mama," nikaanza, "Moshi tulikwenda lini?"

"Mwachie mwenzio aendeshe."

"Mama. Nani alimpigia Mzee Saitoti kabla hatujafika?"

"Mimi."

"Ukamwambia mtoto anaumwa?"

"Sijasema anaumwa. Nilimwambia mnampeleka mtoto Dar. Yeye mwenyewe akauliza anaumwa nini, mimi nikanyamaza." Akatazama nje. "Hilo la Moshi ndilo nimesema."

Baba Nashi akaegesha gari pembeni, maana alikuwa anacheka vibaya. Mimi sikucheka kwanza. Nilikuwa bado na hasira ya ile supu.

"Sasa nisikilize," mama akasema. "Mimi pale nyumbani huwa natoka kwa ajili ya msiba, kwa ajili ya kuuguza, kwa ajili ya mkutano wa kanisa, basi. Siku uliponieleza kwenye simu habari za lile bomba, nililala nalo, nikaamka nalo. Ningewaambiaje, jamani, nikamulieni ng'ombe, mimi naenda kuteleza? Wangeniitia mwinjilisti."

"Mwinjilisti amekuja hata hivyo."

"Kwa mgonjwa," akasema. "Kwa mgonjwa wanakuja kwa moyo safi."

Nilimtazama mama yangu, nikahesabu kichwani ni lini alitoka kwa ajili ya furaha yake mwenyewe, nikakosa hata siku moja. Hasira ikaniisha, yakaja machozi.

Njia yenyewe siwachoshi. Tulilala Korogwe. Paja la mbuzi lilianza kunukia vibaya kabla ya Same, kibuyu kikafunguka kwenye ratiba, na Elia aliukataa Mkoa wa Kilimanjaro wote na sehemu kubwa ya Tanga.

Juu ya mnara

Dar kulikuwa na joto la kukaanga. Pale bwawani yule dada wa mlangoni akamwambia mama, kwa heshima zote, kwamba khanga haziingii majini. Mama hakubishana. Akavaa taiti yangu na jezi ya mpira ya Baba Nashi, akajifunga kitambaa kichwani, akatoka amesimama wima kama anakwenda kusoma somo kanisani.

Bomba walilolitaka linaanzia juu ya mnara, wawili wanakaa kwenye boya moja. Nilibaki chini na Elia. Niliwaona wakipanda ngazi, Baba Nashi mbele na mtoto mkononi, mama nyuma. Nikawaona wamefika. Kisha nikaona foleni imesimama. Mume wangu alikuwa ameinama anachungulia ndani ya lile tundu, akajinyoosha, akarudi nyuma hatua moja, na hata kutoka chini niliona mdomo wake unatoa maelezo. Watu nyuma yake wakaanza kumpita.

Nashipai alikuwa anamwangalia tu. Nilijua neno linalokuja, na sikutaka lije.

Mama akawapita wote wawili. Akakaa kwenye boya, akampakata mjukuu, na kabla kijana wa pale hajamaliza kumwambia shikamoo bibi, wakapotea.

Nilimsikia kabla sijamwona. Sauti ya mama yangu ilikuwa inateremka ndani ya bomba, inazunguka nalo, na sikuelewa ni kilio au ni nini mpaka walipochomoka, maji yakaruka, jezi imempanda shingoni, kitambaa kimekwenda, na anacheka. Nilidhani ana pengo moja. Yako matatu. Sikuwahi kumwona mama akicheka kwa mdomo wazi hivyo, na nilisimama pale na mtoto mgongoni nikilia kama aliyefiwa, mpaka mama mmoja akanipa pole.

Baba Nashi akateremka kwa ngazi. Nashipai akaenda kumsubiri chini, amelowa.

"Ulisema wewe mwenyewe," akamwambia.

Mume wangu akanitazama. Mimi nikaangalia pembeni. Akamshika mtoto mkono, wakapanda tena. Alishuka amefumba macho, anapiga kelele zilizowanyamazisha watoto wa bwawa zima, akatoka majini anatetemeka, akapiga magoti mbele ya binti yake kwenye maji ya kina cha kuku.

"Nilisema kweli?"

Nashipai alifikiri kwanza. "Umesema kweli," akasema, akamkumbatia shingo. Kwa hilo tu, kama tungerudi siku ile ile, kwangu ilitosha.

Momela, ibada ya shukrani

Hamkutegemea kwamba mgonjwa aliyeombewa na mitaa mitatu atarudi kimya kimya. Jumapili ile tulipomrudisha mama, kanisa lilijaa. Kuku wa shukrani walikuwa wamefungwa miguu, wanasubiri mnada. Nashipai akaitwa mbele, akasimamishwa juu ya benchi.

"Mwambie Bwana asante," akasema Mwinjilisti Elirehema. "Utuambie na sisi, huko Dar walikufanyia nini?"

Baba Nashi akainamia viatu vyake. Nami nikaomba kweli kweli, kwa mara ya kwanza katika safari yote.

"Waliniingiza kwenye bomba," akasema Nashipai, kwa sauti yake ya chekechea. "Kulikuwa na giza. Maji yakanisukuma, nikazunguka, nikazunguka, halafu nikatokea upande wa pili."

Kanisa zima likavuta pumzi. Mzee mmoja akamwambia mwenzake, "Dar wameendelea."

"Na bibi yako alikuwa wapi?"

"Humo humo."

Macho yote yakamgeukia mama. Akainuka, amevaa sare yake, uso umetulia.

"Sikumwacha," akasema.

Vigelegele vililipuka hapo, watu wakalia, mwinjilisti akatoa leso. Nashipai akarudi kukaa mapajani kwangu, amekunja uso.

"Mama, nimesema kweli?"

"Umesema kweli tupu."

"Sasa mbona wanalia?"

Sokon One, chai ya jioni

Juzi nimepata mgeni. Mzee Saitoti hapendi mjini, lakini alikuja, peke yake, amevaa koti lake zuri. Nikamwandalia chai. Akauliza hali ya mtoto, nikamwambia nzuri. Akauliza hali ya mama yangu, nikamwambia nzuri. Akasema walizungumza kwenye simu kwa kirefu. Kisha akaweka mkono kiunoni na kuguna.

"Mgongo huu," akasema.

"Pole, baba. Umekwenda hospitali?"

Akaikoroga chai ambayo sukari yake ilikuwa imeshayeyuka kitambo. "Moshi wameshindwa."

Baba Nashi alikuwa amebeba kikombe, ikabidi akiweke chini.

"Hilo bomba," Mzee akaendelea, akiangalia ukuta, "linapokea wanaume? Wa umri wangu?"

Nashipai akatoka chumbani, akaja kusalimia, akainamisha kichwa. Mzee akamwekea kiganja utosini. Mtoto akainua uso kabla mkono haujaondoka, akamshika kidevu.

"Babu, huo mgongo, unasema kweli au unasema tu?"

Mzee Saitoti akatazama mlangoni kama kuna mtu. Akainama mpaka sikioni kwake, na ile sauti ya vikao ikawa ndogo, nisingeisikia kama nisingekuwa naokota vikombe.

"Nasema tu," akasema.

Nashipai akampigapiga goti. "Basi wewe utakaa nyuma, mimi mbele."